Kabla hujasaini: mwongozo wa kuipima teknolojia ya kampuni changa Mombasa

Kampuni changa za teknolojia zimezidi kuchipuka Mombasa. Zipo zinazowaunganisha wenye malori na mawakala wa forodha kule Kilindini, zinazouza vyumba vya hoteli za Nyali na Diani, zinazokusanya karo na kodi za nyumba kwa simu, na zinazowakopesha wafanyabiashara wa Kongowea. Zikianza kukua, hutafuta mainjinia wa programu kwa haraka. Wanaoitwa ni vijana waliotoka TUM (Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa) na Chuo Kikuu cha Pwani, waliojifunzia kazi kwenye kituo cha vijana cha SwahiliPot, na wanaorudi nyumbani baada ya miaka kadhaa Nairobi. Barua ya ajira huja na mshahara, pengine ahadi ya hisa, na orodha ya teknolojia: Laravel, React, Flutter, AWS, Docker. Mtu anaipitia orodha, anaona majina anayoyajua, anasaini.

Orodha hiyo haikwambii utaishi vipi kazini. Kampuni mbili zinaweza kutumia vitu vile vile kuanzia juu hadi chini, moja ikabadilisha mfumo wake kila siku bila presha, nyingine ikawa kila mabadiliko ni dua na simu za usiku. Cha kupima ni kama timu inaweza kuugusa mfumo wake bila hofu, na ukiharibika inajua upesi nini kimetokea. Jibu la hilo unaweza kulipata kabla ya kusaini, kwa kusoma yaliyo wazi kwa kila mtu na kwa saa mbili tatu za mazungumzo yaliyopangwa vizuri.

Anza na yaliyo wazi

Kazi ya kwanza ifanye ukiwa nyumbani. Tafuta matangazo yote ya kazi ambayo kampuni imewahi kutoa. Kama la miaka miwili iliyopita lilitaka mtu wa PHP, la mwaka jana likataka Node.js, na la sasa linataka Go, basi ama mfumo umeandikwa upya mara mbili, ama vipande vyote vitatu bado vinaendeshwa kwa pamoja na wewe ndiye utakayevirithi. Liandike hilo kama swali la kuuliza. Tangazo linalotaka mtu mmoja ajue programu za simu, seva, hifadhidata, usalama wa mitandao na juu yake asaidie wateja kwa WhatsApp limeshakueleza timu ina watu wangapi.

Kisha fungua ukurasa wa programu yao Play Store. Tazama tarehe ya sasisho la mwisho, halafu soma maoni ya nyota moja, hasa yanayojirudia. "Nimelipa na sijaona kitu" ikitokea tena na tena kwa miezi, una fununu kubwa kuhusu sehemu ya malipo, ambayo nitaizungumzia kwa kirefu hapo chini. Kumbuka pia kwamba Google huwalazimisha waundaji kwenda na wakati: tangu Agosti 31, 2025, sasisho la programu sharti lilenge Android 15 au toleo jipya zaidi. Programu ambayo haijaguswa muda mrefu itakuwa na kazi ya kuilipia kiporo hicho kabla ya kuongezewa chochote kipya, na kazi hiyo huenda ikawa yako ya kwanza.

Isakinishe kwenye simu ya bei nafuu, ile ambayo dereva wa lori au mama wa sokoni hutumia. Iendeshe mahali mtandao unapoyumba, kwa mfano ndani ya godauni la bati kule Shimanzi. Je, inapoteza fomu uliyoijaza? Inakuonyesha duara linalozunguka bila mwisho? Ukibonyeza "lipa" mara mbili kwa kukosa subira, inaomba pesa mara mbili? Hapo unaona kama waliounda walimfikiria mtumiaji wa Pwani au walijaribu ofisini tu, kwenye Wi-Fi nzuri.

Tovuti nayo husema mengi bila kuulizwa. Fungua terminali uandike `curl -I`, amri inayoonyesha maelezo ambayo seva hutanguliza kabla ya ukurasa, kisha anwani ya tovuti yao. Ukiona mstari kama huu:

`X-Powered-By: PHP/7.4.33`

umejua mambo mawili. La kwanza, hilo ni toleo la mwisho kabisa la PHP 7.4, ambayo wenyewe waliacha kuitunza Novemba 2022. La pili, hakuna aliyejali kuuficha mstari huo, ingawa kuuficha ni kazi ya dakika moja. Tahadhari hapa: baadhi ya mifumo ya Linux huendelea kurekebisha matundu ya usalama kwenye matoleo ya zamani bila kubadilisha namba, kwa hiyo namba peke yake haitoshi kumhukumu mtu. Itumie kuulizia.

Ishia hapo. Usijaribu nywila, usipige skani kwenye seva zao, usichezee anwani za ndani ulizoziona kwenye programu. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya 2018 inahesabu kuingia bila ruhusa kuwa kosa, na faini yake inaweza kufika shilingi milioni 5 au kifungo cha hadi miaka mitatu. "Nilikuwa naomba kazi" haitakusaidia mahakamani.

Umri wa matoleo

Kwenye mazungumzo ya kwanza, hata ya simu, uliza matoleo. Ni swali dogo, halimuudhi mtu, na jibu lake ni la uhakika. Weka tarehe hizi karibu: Python 3.8 iliachwa Oktoba 2024, MySQL 5.7 Oktoba 2023, Node.js 18 Aprili 2025, PostgreSQL 12 Novemba 2024. AngularJS, ile zana ya zamani ya kuundia kurasa, ilizikwa rasmi mwishoni mwa 2021, na bado utaikuta kwenye kurasa za ndani za makarani.

Kuwa nyuma kwa toleo moja ni kawaida ya kampuni inayokimbia. Kinachopima afya ni kama anayekujibu anajua wako nyuma kiasi gani na ana mpango. "Tuko MySQL 5.7, tunahamia 8 robo hii, tumeshajaribu kwenye nakala" ni jibu la watu wanaoushika usukani. "Sijui, iliwekwa na jamaa aliyeondoka" ni jibu la aina nyingine.

Fuata shilingi moja

Hii ndiyo hatua ya kuitilia maanani kuliko zote. Kama una nafasi ya kuuliza swali moja tu kwenye mahojiano, liwe hili.

Watu wengi huuliza "mnatumia nini?" wakarudishiwa orodha ile ile ya kwenye tangazo. Wewe subiri upewe nafasi, kisha mwambie injinia aliye mbele yako:

"Kaka, nikilipa shilingi 500 kwa M-Pesa sasa hivi kwenye programu yenu, naomba unichoree zinapita wapi mpaka mhasibu wenu azione kwenye vitabu."

Akiwa dada, mwite dada. Akiwa mtu mzima kwako, "mkubwa" inatosha. Msogezee karatasi na kalamu, au msimame pamoja kwenye ubao. Omba kwa upole na ukae kimya. Mtu anayeujua mfumo wake huanza kuchora akafurahi. Ni nadra kuulizwa kitu chenye maana namna hiyo.

Ili umfuatilie, lazima wewe mwenyewe ujue njia. Mteja akibonyeza "lipa", seva ya kampuni hutuma ombi kwa Daraja, lango la Safaricom lililofunguliwa kwa waundaji wa programu mwaka 2017. Daraja hujibu mara moja kwamba ombi limepokewa, na kutoa namba inayoitwa CheckoutRequestID. Hapo bado hakuna pesa iliyohama, na kampuni inayoandika "amelipa" katika hatua hii imeshapotea. Simu ya mteja huonyesha kidirisha cha PIN. Baada ya mteja kufanya lake, au kutofanya, Safaricom hutuma matokeo kwenye anwani ya seva ya kampuni. ResultCode 0 maana yake pesa imeingia, na namba ya risiti huambatana nayo. 1032 ni mteja ameghairi. 1037 ni simu haikupatikana au hakujibu kwa wakati. 1 ni salio halitoshi.

Sasa uliza kuhusu mahali njia hiyo inapokatika.

Kwanza, itakuwaje matokeo yasipofika? Labda seva ilikuwa inawashwa upya wakati huo, labda mtandao ulikatika. Pesa ya mteja imetoka, mfumo unaonyesha "inasubiri". Jibu zuri lina sehemu mbili: kuna kazi inayojiendesha yenyewe kila baada ya muda, inayochukua malipo yote yaliyokwama na kuuliza Daraja hali yake, na kila siku orodha ya malipo hulinganishwa na taarifa ya Paybill, mstari kwa mstari, tofauti zote zikitolewa nje zionekane. Jibu la kutia wasiwasi ni "mteja akilalamika tunamwingizia kwa mkono". Kampuni ikiwa na wateja 50, hilo linawezekana. Ikiwa na 5,000, kuna mtu ambaye kazi yake yote imekuwa hiyo, na mtu huyo anaweza kuwa wewe.

Pili, matokeo yakifika mara mbili je? Hutokea. Dawa yake ni namba ya risiti kuwekewa sharti la kutojirudia ndani ya hifadhidata yenyewe, ili ujumbe wa pili ukataliwe hata kama msimbo (maandishi ya programu) umesahau kuangalia. Akikwambia "tunaangalia kwanza kama ipo", mwulize: jumbe mbili zikifika kwa wakati mmoja, zote zikaangalia, zote zikakuta haipo? Mtazame anavyofikiri. Huhitaji awe na jibu kamili. Unahitaji aone tatizo.

Tatu, wanajuaje matokeo yametoka Safaricom kweli? Anwani ile iko wazi kwenye intaneti, na yeyote anayeijua anaweza kutuma ujumbe wa uongo wenye sifuri. Tegemea kusikia kwamba wanakubali tu ujumbe kutoka anwani zinazojulikana, wanalinganisha CheckoutRequestID na kiasi walichoomba, na kwa malipo makubwa wanauliza upya Daraja kabla ya kutoa huduma.

Nne, nani anaweza kubadilisha hali ya malipo kwa mkono, na je, hubaki alama? Kwenye kampuni nyingi changa mainjinia wote wana nywila moja ya hifadhidata yenye mamlaka yote. Siku pesa zikipungua, wote mnakuwa washukiwa. Uliza hili kwa faida yako mwenyewe, mapema.

Tano, kama kampuni hutuma pesa kwa watu, mfano malipo ya madereva, hufanya nini ombi likichelewa kujibiwa? Anayetuma tena bila kuuliza hali ya ombi la kwanza atamlipa dereva mara mbili, na kumrudisha dereva aliyeshafika Mariakani ili arejeshe pesa ni kazi ngumu kuliko programu yoyote.

Ukimaliza na huyu, omba kuongea na injinia wa pili, hasa aliyeajiriwa karibuni, umuulize swali lile lile akiwa peke yake. Linganisha michoro miwili. Ikifanana, maarifa yameenea ndani ya timu. Wa pili akisema "hiyo anajua fulani", umeshajua mfumo mzima unakaa kichwani mwa nani, na nini kitatokea akienda likizo ya Idi.

Kama kampuni haigusi malipo, fuata kitu kingine chenye thamani. Kwa hoteli, chumba kimoja cha mwisho wateja wawili wakikigombea Desemba. Kwa usafirishaji, kontena moja tangu linapoombewa lori mpaka linapotoka geti. Hoja ni ile ile: chagua kitu kimoja, ukifuate hadi mwisho, na uulize kila mahali kinapoweza kudondoka.

Mabadiliko hufikaje kwa wateja

Uliza: mara ya mwisho mlipeleka toleo jipya lini, nani alilipeleka, na lilichukua muda gani tangu msimbo ulipokamilika? Usiulize "mna mfumo wa kupeleka matoleo?" kwa sababu kila mtu atasema ndiyo. Uliza ya mara ya mwisho, maana tukio halisi halirembeki kirahisi.

Unachotaka kusikia ni njia moja inayojulikana na wote: msimbo uko Git, chombo kinachotunza historia ya kila badiliko, mtu mwingine huupitia, majaribio hujiendesha, kisha amri moja huupeleka, na amri nyingine huurudisha ulikotoka. Ikiwa kuna mtu anayeingia kwenye seva na kuhariri faili pale pale, elewa kwamba seva na hazina ya msimbo zimeshaachana, na siku utakapopeleka kazi yako ya kwanza utafuta marekebisho ambayo hukujua yapo.

Gharama ya kupeleka kwa mikono inajulikana duniani. Agosti 1, 2012, kampuni ya Knight Capital ya Marekani ilipeleka programu mpya ya kuuza hisa kwenye seva zake nane, moja ikasahauliwa na kubaki na msimbo wa zamani. Ndani ya kama dakika 45 ilipoteza zaidi ya dola milioni 400. Kampuni ya malori ya Changamwe haitapoteza kiasi hicho, lakini seva moja iliyosahauliwa husababisha fujo ile ile kwa kipimo chake.

Kuhusu majaribio, usitake asilimia. Uliza ni sehemu gani ambayo hawathubutu kuibadilisha bila majaribio, na sehemu gani hawathubutu kuigusa kabisa. Swali la pili ndilo lenye utamu. Kila mfumo una chumba ambacho hakuna anayetaka kuingia. Ujue kilipo na kama kazi unayopewa iko humo.

Nakala rudufu, na kuzirejesha

Hapa swali ni moja: mara ya mwisho mlirejesha hifadhidata kutoka kwenye nakala ni lini, na ilichukua muda gani? Kila mtu ana nakala. Wachache wamewahi kuzijaribu.

Januari 31, 2017, injinia wa GitLab, kampuni inayohifadhi msimbo wa watu, akiwa amechoka usiku alifuta saraka ya hifadhidata kwenye seva isiyo yenyewe. Walikuwa na njia tano za kuhifadhi nakala, na hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi walivyodhani. Waliokolewa na nakala iliyochukuliwa saa chache kabla, wakapoteza takriban saa sita za data. GitLab walieleza yote hadharani, na jinsi walivyoeleza ni kipimo kizuri cha kuwapimia wengine: muulize mkuu wa teknolojia akusimulie tukio baya zaidi la mwaka uliopita. Anayesimulia kwa utulivu, akataja chanzo na walichobadilisha baadaye, ni mtu wa kufanya naye kazi. Anayesema hawajawahi kupata tatizo, na anayemtaja kijana fulani kwa jina kama mkosaji, wote wawili nitawaogopa.

Mfumo unakaa wapi na nani analipia

Mombasa ndipo nyaya nyingi za baharini zinapoingilia Kenya: SEACOM na TEAMS zilifika 2009, EASSy ikaanza kazi 2010, na nyingine zikafuata. Lakini data za kampuni zetu nyingi hukaa mbali. AWS walifungua kituo Cape Town mwaka 2020, Microsoft Azure Johannesburg 2019, Google Johannesburg 2024. Wengine bado wako Ireland au Frankfurt, ambako kwenda na kurudi hupita milisekunde 100. Ukurasa unaoita seva mara ishirini kabla ya kufunguka utahisi umbali huo.

Uliza walichagua wapi na kwa nini, kisha uulize Mei 2024 ilikuwaje kwao. Mwezi huo EASSy na SEACOM zilikatika upande wa Afrika Kusini na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota kwa siku kadhaa. Kampuni iliyokuwepo wakati huo ina hadithi ya kukupa, na humo utasikia kama walikuwa na njia mbadala au walikaa wakingoja. Kama wana seva ofisini, uliza kuhusu Agosti 25, 2023, umeme ulipopotea karibu nchi nzima.

Bili ya wingu, yaani ya seva hizo za kukodi, hulipwa kwa dola huku mapato yakiingia kwa shilingi. Januari 2024 dola ilikaribia shilingi 160, kisha ikashuka hadi kama 130. Kampuni yenye mapato yale yale iliona bili yake ikipanda na kushuka bila kuongeza mteja hata mmoja. Uliza nani huiangalia bili hiyo na lini mara ya mwisho walizima kitu kisichotumika. Kama hakuna anayejua, kuna siku akaunti itasimamishwa kwa kutolipiwa, na itakuwa usiku.

Je, nguo inamfaa mvaaji?

Ukikuta mainjinia wanne wanaendesha huduma ndogondogo thelathini juu ya Kubernetes (mfumo mzito wa kusimamia huduma nyingi kwenye seva nyingi) kwa wateja elfu mbili, uliza tatizo gani lilikuwa linatatuliwa. Huenda kuna sababu. Mara nyingi sababu ni kwamba mtu alitaka kujifunza, akaondoka, akawaachia. Instagram ilipouzwa kwa Facebook mwaka 2012 ilikuwa na wafanyakazi 13 na ilijengwa juu ya Django na PostgreSQL, vitu vya kawaida kabisa. Mfumo mmoja mzima uliopangwa vizuri kwenye hifadhidata moja unatosha kampuni nyingi za Pwani kwa miaka mingi, na usione aibu kujiunga nao. Mimi ningeuchagua.

Aliyejenga ni nani

Kampuni nyingi changa zilianza kwa kumlipa mtu wa nje awajengee. Hilo si kosa. Uliza mambo matatu tu: hazina ya msimbo iko kwenye akaunti ya nani, jina la tovuti limesajiliwa kwa nani, na akaunti ya Play Store ni ya nani. Kimoja kikiwa bado kwa yule fundi wa nje, kampuni haijamiliki bidhaa yake, na mgogoro ukizuka wewe utaajiriwa kutunza kitu ambacho mwenye ufunguo yuko kwingine.

Halafu zamu. Mfumo ukianguka saa nane usiku, simu inamlilia nani, na analipwa au anapumzishwa kesho yake? Mwezi uliopita ililia mara ngapi? Mtu atakayekujibu kweli hapa ni injinia wa kawaida, bosi akiwa hayupo.

Data za watu

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamhusu kila anayeshika majina, namba za simu na vitambulisho vya Wakenya. Uliza kama kampuni ina cheti cha usajili kutoka kwa Kamishna wa Data, na data halisi za wateja zinatumika wapi zaidi ya mfumo wenyewe. Jibu la pili ndilo litakalokuonyesha tabia. Kama kila injinia ana nakala nzima ya hifadhidata kwenye laptopu yake anayopanda nayo matatu ya Bamburi, laptopu moja ikiibwa kampuni itatakiwa kumjulisha Kamishna ndani ya saa 72, na faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka, kile kilicho kidogo.

Omba kuuona msimbo

Ukishapewa ofa, na kabla ya kuikubali, omba saa moja au mbili ukae na injinia akuonyeshe. Jitolee kusaini mkataba wa kutunza siri. Andika ujumbe wa heshima: "Nimefurahi sana kwa nafasi hii. Ili nianze nikiwa tayari, naomba nikae na mmoja wa mainjinia kwa saa moja anionyeshe sehemu nitakayoifanyia kazi." Wengi hukubali. Wakikataa, uliza sababu. Zipo za haki, kama masharti ya mteja mkubwa.

Ukikaa naye, usihukumu mtindo wa kuandika. Angalia kama kuna maelezo ya kuanzisha mradi na kama yanafanya kazi. Angalia historia ya Git: majina mangapi, na la mwisho lini. Tafuta kama funguo za Daraja na nywila zimeandikwa ndani ya msimbo wenyewe. Angalia kama mabadiliko ya muundo wa hifadhidata yameandikwa kwenye faili, au hufanywa kwa mkono. Mwombe akuonyeshe hitilafu moja ya wiki hii, tangu ilivyoripotiwa mpaka ilivyorekebishwa, na wapi anasoma kumbukumbu za mfumo. Akizipata kwa sekunde chache, mtafanya kazi vizuri.

Kuamua

Hutapata kampuni isiyo na kasoro, na kampuni yenye kasoro nyingi inaweza kuwa mahali pazuri pa kukua. Tenganisha makundi mawili. Kuna yanayotengenezeka: matoleo ya zamani, majaribio machache, kupeleka kwa mikono. Haya yageuze yawe sehemu ya mazungumzo ya ajira. Sema, "Nimeona nakala rudufu hazijawahi kujaribiwa na malipo yanalinganishwa kwa mkono. Ningependa miezi mitatu ya kwanza nishughulike na hayo, na tukubaliane hivyo kwa maandishi." Wakikubali, umepata kazi yenye maana na kipimo cha wazi cha mchango wako, mshahara pia unaweza kuujadili upya kwa msingi huo.

Kundi la pili halitengenezwi na injinia mpya. Mkuu anayekasirika kuulizwa. Majibu mawili yanayopingana kuhusu pesa za wateja. Msimbo ulioko mikononi mwa mtu mnayezozana naye. Nywila moja kwa wote pamoja na pesa zinazopotea. Moja tu kati ya hayo inatosha kukufanya uombe muda wa kufikiri, na mawili kukataa kwa adabu.

Ukisaini, muda wa majaribio nao unafanya kazi pande zote mbili. Sheria ya Ajira ya 2007 inauwekea kikomo cha miezi sita, unaoweza kuongezwa kwa ridhaa yako, na katika kipindi hicho kila upande unaweza kuachana na mwenzake kwa notisi ya siku saba. Siku ya kwanza jaribu kuusimamisha mradi kwenye kompyuta yako kwa kufuata maelezo yaliyoandikwa, na urekebishe maelezo hayo kila yanapokosea. Wiki ya kwanza peleka badiliko moja dogo hadi kwa wateja, hata kama ni kusahihisha neno. Mwisho wa mwezi chukua ule mchoro wa shilingi 500, keti na mhasibu, mfuate malipo moja halisi mpaka kwenye vitabu vyake, na uandike kila mahali mchoro uliochorewa unapotofautiana na ulichokikuta.